Marudio ni mali ya nani: mchimbaji au mwenye karasha?

Wadau, hili tulijadili bila kuoneana haya. Kwenye mialo mingi ya Kanda ya Ziwa, yaani sehemu za kusaga na kuosha mawe ya dhahabu, mchimbaji akishasaga mawe na kuosha, anaondoka na dhahabu iliyonaswa na zebaki. Marudio, yaani udongo unaobaki baada ya kuosha, yanabaki kwa mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Hakuna karatasi inayosainiwa, ndio utaratibu uliozoeleka. Mimi naupinga.

Zebaki hainasi dhahabu yote. Mara nyingi hata nusu haifiki, hasa dhahabu ikiwa laini sana au imejificha ndani ya salfaidi (madini yenye salfa). Iliyobaki imelala kwenye ule udongo wa kijivu unaorundikwa nyuma ya karasha. Mwenye plenti, yaani mtambo wa kuchenjulia kwa sianidi, anaununua, anaujaza kwenye tangi, anachanganya chokaa na kupitisha maji ya sianidi kwa siku kadhaa. Maji hayo yanapita kwenye kaboni, kaboni inanasa dhahabu, kisha inapelekwa elusheni, yaani kuoshwa ili iachie dhahabu. Tuseme ni tani 50 zenye gramu 4 kwa tani: hapo kuna gramu 200. Akipata robo tatu tu, ni gramu 150. Mchimbaji aliyeshuka kwenye duara (shimo la kuchimbia) hana habari nazo.

Wenye makarasha wanasema dizeli ni yao, gololi za chuma zinazosaga mawe zinalika, na bei ya kusaga iko chini kwa sababu marudio ni sehemu ya malipo. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Basi tupime kwanza! Sampuli ichukuliwe mbele ya wote, igawanywe, kila upande ubaki na yake, nyingine iende maabara. Mwenye karasha akate gharama zake, kinachobaki wagawane kwa asilimia waliyokubaliana kabla jiwe halijasagwa.

Wengine wanashauri wachimbaji wajenge plenti zao na mambo yaishe. Hapo nina hofu. Marudio yenye zebaki yakikutana na sianidi, sehemu ya zebaki inayeyuka na kusafiri na maji. Nyingine inanasa kwenye kaboni na kuja kutoka kama mvuke kaboni ikipashwa moto, na kuna vijana wamesimama pale pale. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka tabia ya kuchenjua marudio ya namna hiyo kwa sianidi bila kwanza kuondoa zebaki ikomeshwe.

Kwangu mambo haya mawili ni kesi moja. Mchimbaji anakazana na zebaki kwa sababu anajua asichokitoa leo hakitarudi mikononi mwake. Akihakikishiwa fungu lake kwenye marudio, anaweza kuosha kwa mazulia tu (yanayonasa dhahabu maji yakipita juu yake), akachukua dhahabu nene, na mengine yote yakaenda plenti yakiwa hayajaguswa na zebaki.

Mlioko Geita, Kahama na Chunya: kuna mwalo ambako mchimbaji anapewa asilimia ya marudio? Mnapimaje, na sampuli inashikwa na nani?