Tupeane uzoefu: kitu gani ulisahau kwenye nyumba yako kabla ya plasta?

Mgoba
Wakuu, habari za jioni. Nimeshapaua, huku Goba. Fundi umeme anakata kuta na wiki ijayo plasta inaanza. Leo nimesimama sebuleni na chaki mkononi, sijui niseme soketi zikae wapi. Mliotangulia, semeni sasa kabla ukuta haujafungwa.

MamaKibada
Maji, ndugu yangu. Visima vingi huku kwetu ni vya chumvi na tulilijua hilo tangu tunanunua kiwanja, lakini fundi bomba akatandaza njia moja nyumba nzima. Koki za jikoni zimeoza, birika lina ukoko mweupe kama chokaa. Ningepiga njia mbili: ya chumvi iende chooni na kwenye bustani, ya maji matamu iende jikoni na bafuni. Leo nikitaka kurekebisha, ni kubomoa marumaru.

Fundi_Tegeta
Mama kasema kweli. Halafu kila bafu liwe na koki yake ya kufungia. Bomba likipasuka usiku, unafunga bafu hilo tu.

KakaChanika
Tanki weka kwenye mnara wake. Lita 2,000 ni tani mbili, usije ukazipandisha juu ya kuta za bafu bila nguzo.

Mzee_wa_Site
Mnara wa nini siku hizi? Pampu ndogo inatosha. Mnara wa mita tatu haukupi hata nusu ya presha ya kuogea vizuri.

KakaChanika
Na umeme ukikatika, pampu inasukumwa na nani? Mimi naoga, wewe unasubiri.

Mzee_wa_Site
Unaogea matone, kaka. Mimi nina ndoo ya akiba na nikiwasha naoga kweli.

Dada_Mbezi
Samahani nawakatiza. Sikuwa nimepanga kuandika.

Mimi nilijenga nyumba nzuri. Kila aliyekuja aliisifia. Mwaka juzi mama yangu akapata kiharusi, tukamleta kwangu kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Sebuleni kapita, koridoni kapita. Tulipofika mlango wa bafu kiti kikagoma. Mdogo wangu akaleta futi: mlango ukiwa wazi, nafasi ya kupita sentimita 61. Kiti sentimita 64. Sentimita tatu tu, jamani! Na mbele yake kuna kidato nilichomwambia fundi aweke ili maji yasitoke.

Mama akaangalia ule mlango, akaniangalia mimi, akasema, "Nyumba yako nzuri mwanangu. Mimi nitaogea uani."

Wiki tatu tulimwogesha uani, kanga mbili zimefungwa kwenye kamba, ndoo ya maji ya moto pembeni. Mvua ikianza tunamfunika na kumkimbiza ndani na povu mwilini. Mama aliyenilea. Fundi alipopatikana akakata ukuta, akaondoa fremu, vumbi likaingia hadi kwenye kitanda chake.

Kabla ya fremu, wekeni sentimita 90 kwenye bafu moja la chini. Moja tu.

MamaKibada
Pole sana mwanangu. Mama anaendeleaje?

Dada_Mbezi
Anaendelea vizuri, ahsante. Anaingia mwenyewe sasa.

Kijana_Kivule
Pole dada, ila mada ni soketi.

Fundi_Tegeta
Mada ni kitu ulichosahau kabla ya plasta. Soma tena, kijana. Na dada, ukuta wa pembeni ya choo ungejazwa zege kidogo, chuma cha kushikia kinashika bila kutikisika.

Bonde_la_Msasani
Soketi inua, mita moja toka chini. Maji yakiingia ndani wakati wa masika utanikumbuka.

Fundi_Tegeta
Huyu yuko Goba, kilimani. Sentimita 30 zinatosha, na za jikoni juu ya meza.

Mama_Wawili
Mimi karo la maji taka. Nililiweka nyuma ya nyumba na uzio umebana pande zote. Gari la kunyonya halifiki, kwa hiyo mpira unaingia mlango wa mbele, unapita sebuleni, unatokea jikoni. Nakunja zulia, natoa watoto, nafungua madirisha yote. Karo liwe upande wa geti!

KakaChanika
Piga picha kuta zote kabla ya plasta, futi ikiwa imeegeshwa ukutani. Utajua waya na bomba vilipopita siku ya kutundika kabati.

Mzee_wa_Site
Hapo kaka nakuunga mkono.

Mgoba
Nimetoka kumpigia fundi seremala. Fremu za bafu alikuwa aanze kuzichonga Jumatatu, nimemwambia la chini liwe 90, na tofali za upande mmoja zitang'olewa kesho asubuhi. Karo bado sijachimba, linahamia getini. MamaKibada, hiyo njia ya pili ya maji, kutoka kwenye tanki nitoe bomba la ukubwa gani?

MamaKibada
Toka na inchi moja, chooni ingia na nusu. Na umwambie azipake rangi mbili tofauti.