Beetle ya 1965 au Peugeot 504, ipi nichukue?

Wakuu habari zenu, nataka gari la zamani la kutembelea wikiendi tu, nimeona Volkswagen Beetle ya 1965 na Peugeot 504 saluni (ile ya milango minne) ya 1979, bodi zote ziko poa. Njia yangu sana sana ni Dar Moro. Ipi haitanitesa?

Jibu 1
Beetle mkuu. Injini ipo nyuma inapozwa na upepo, haina rejeta haina maji, habari za kuchemsha sababu mpira wa maji umepasuka hazikuhusu. Ila za mwaka huo zilitoka na umeme wa volti 6, taa usiku ni kama koroboi, angalia kama mwenye nayo alishabadili kuwa 12 kabla hujatoa hela.

Jibu 2
Dar Moro na Beetle?? Malori yatakupigia honi mpaka ukome. Chukua 504, springi laini, saluni nyingi kila tairi la nyuma linajitegemea, kwenye mashimo unaelea tu, na Safari Rally imeshinda 1975 na 1978, sasa we unataka ushahidi gani tena

Jibu 3
@Jibu 2 punguza mbwembwe bwana, ya 1978 ilikuwa kupee (ya milango miwili) yenye injini ya V6, yaani silinda sita, sio hiyo saluni, na Beetle nazo zilibeba Safari 1954, 1957 na 1962. Ila kwa safari ndefu na familia hata mimi 504, buti la Beetle lipo mbele halafu dogo.

Muuliza swali
Shukrani wakuu. Vipi spea za 504 Kariakoo, bado zipo?