Mbona dawa za malaria zinabadilishwa kila mara? Tuwaamini vipi hawa watafiti?

mkwe_mpole:
Wadau habari za jioni, naomba kueleweshwa bila matusi. Juzi mama mkwe kaja kutoka kijijini, usiku homa ikapanda anatetemeka, asubuhi nikampeleka zahanati. Nesi kamtoboa kidole, tone moja la damu kwenye kale kaplastiki, tumekaa kama robo saa ukatoka mstari mmoja. Nesi anasema mama huna malaria, mseto (dawa ya malaria ya siku hizi) sikupi. Wee, bi mkubwa aliwaka! Eti yeye kalea watoto sita kwa klorokwini na hakuna aliyetobolewa kidole, homa ni homa, kaplastiki ndo kanijulie mwili wangu? Mi nikajifanya kumtetea nesi, nikasema mama ndo utafiti ulivyosema. Akanigeukia: "Utafiti upi baba? Walileta klorokwini wakaikataa, wakaleta SP, ile Fansidar, wakaikataa, sasa huu mseto wa manjano, kesho watasema nini?" Nikakosa jibu mbele ya mke wangu. Yaani kama jana walikosea, leo tunawaamini kwa lipi?

zamu_ya_usiku:
Pole mkuu, hiyo kesi naipata kila wiki. Kwanza kwenye klorokwini hawakukosea. Ilikuwa inatibu kweli, pamoja na ule muwasho wake, waliowahi kuimeza wanajua, mtu anajikuna kwenye fremu ya mlango kama mbuzi. Tatizo dawa ikitumika nchi nzima miaka na miaka, vimelea vichache visivyokufa ndo vinabaki vinazaana, mwisho wa siku kidonge ni kilekile ila mdudu si yule. Sasa hilo utalijuaje? Mgonjwa mmoja akirudi na homa utasema hakumaliza dozi, ameng'atwa upya, dawa ilikuwa feki, sababu haziishi. Ndo maana wanachukua wagonjwa wengi, dawa inamezwa mbele ya macho yao, wanachunguza damu mpaka siku ya 28, na ikionekana inagoma kwa mmoja kati ya kumi au zaidi, WHO inasema badilisheni. Sisi Tanzania tukaingia SP 2001, haikumaliza hata miaka 6, mseto ukaanza mwishoni mwa 2006.

Kuhusu kipimo, kuna utafiti ulitoka 2004, walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa hospitali 10 hapahapa Tanzania wakitibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea kwenye damu ni 2,062. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa malaria ambayo kwenye damu haionekani, na ugonjwa wenyewe umekaa pembeni unawaangalia. Mimi nimeanza kazi kipindi cha "homa ni homa", na ile namba bado inanikosesha raha.

fungua_macho:
Acheni kudanganywa, hiyo ni biashara. Dawa mpya, mauzo mapya. Sisi ni panya wa maabara tu.

mtu_wa_kilifi:
@fungua_macho ndugu yangu, wasiwasi si mbaya, kuna watafiti na makampuni washafanya mabaya. Lakini hebu tazama Malawi. Wao waliiacha klorokwini 1993, mapema kabisa kuliko sisi wengine Afrika. Dawa ikapotea madukani, vile vimelea sugu navyo vikapungua mpaka vikaisha kabisa. Sasa watafiti wakaijaribu tena kwa watoto pale Blantyre, majibu yakatoka 2006: waliopewa klorokwini 80 iligoma kwa mmoja tu, waliopewa SP, ambayo ndiyo ilikuwa dawa rasmi wakati ule, 87, ikagoma kwa 71. Mfanyabiashara gani huyo anayekutangazia kwamba kile kidonge cha bei ya peremende kimefufuka? Ingawa hawakuirudisha hivihivi, maana wangeitumia peke yake ingeharibika tena.

Na hapa kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, 1993 mpaka 1995 sehemu zingine zilipewa neti zilizochovywa dawa na zingine hazikupewa, wakahesabu. Vifo vya watoto wadogo vikashuka kwa 33%. Kabla ya hapo wazee walikuwa wanasema neti ni ya kuzuia kelele za mbu usingizini.

mama_mahindi:
Mi sio wa dawa, ni mkulima, ila hapo kwenye "sehemu zingine hazikupewa" ndo penyewe. Viwavijeshi vilivyoingia shambani jirani yangu akaniambia weka majivu na sabuni ya unga kwenye moyo wa mhindi, vinakufa vyote, yeye kaona kwa macho yake. Nikaweka ila nikaruka mistari minne sikuigusa, mume wangu akaona nimechanganyikiwa, unaachaje mahindi yaliwe? Wiki hiyohiyo ikapiga mvua kubwa. Nilivyokuja kukagua, viwavi vimepungua kweli, kwenye majivu vimepungua na kwenye ile minne vimepungua vilevile!! Bila ile minne sa hizi ningekuwa nawahubiria wote humu majivu. Jirani mpaka leo hataki kuisikia hiyo habari, anasema mistari yangu ilipata harufu ya majivu ya mistari mingine, na kusema kweli hapo siwezi kumbishia, maana nilipanda karibu karibu. Msimu ujao naacha kipande cha mbali.

zamu_ya_usiku:
@mama_mahindi njoo utufundishie wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo 😂 hilo la jirani ni swali zuri kuliko anavyojua.

@mkwe_mpole bi mkubwa anaendeleaje? Homa isiyo malaria haina maana hana ugonjwa, walimpima mkojo?

mkwe_mpole:
Ndo narudi kutoa mrejesho. Jana tulirudi, wakapima mkojo, UTI kali, kapewa dawa na leo kala ugali wote. Nikamwambia mama unaona sasa kaplastiki kalikuwa sahihi. Akasema sawa baba, ila hako kaplastiki nako nani kakapima?

zamu_ya_usiku:
Mwambie kapo kwenye kupimwa muda wote. Eritrea 2016 ilibidi wabadilishe aina ya kipimo, kuna vimelea vilikuwa vinapita bila kuonekana. Na mseto nao unachunguzwa, Rwanda, Uganda na huku kwetu Kagera washaona vimelea vinavyochelewa kufa.

mkwe_mpole:
Hilo la Kagera simwambii. Yeye ni wa Muleba, hukohuko Kagera.