Mbuzi wageni wanaharisha siku ya tatu, nianzie wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Mbuzi wanne wameingia bandani siku tatu zilizopita baada ya safari ya saa sita kwenye gari. Wawili wanaharisha. Mmoja ni jike wa kilo 30 hivi, mavi kama uji wa kijani, hayana damu, anakula kwa kusuasua. Mwingine ni mtoto wa miezi mitatu, kilo kama 10, ndiyo kwanza kaachishwa kunyonya. Mkia umelowa, amejikunyata pembeni. Walikotoka walikuwa wanachungwa tu, hapa nawapa pumba ya mahindi makopo mawili kila mmoja, asubuhi na jioni. Dawa ya minyoo ninayo, nataka niwanyweshe wote leo.

Jembe la Zizi: Dawa iweke kando kwanza, shika kipimajoto. Kipake mafuta, kiingize njia ya haja kubwa. Mbuzi mwenye afya anasoma 38.5 hadi 39.5. Akipita 40 akiwa kivulini, na ana makamasi, tongotongo au vidonda mdomoni, hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo: mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo, na asitoke mnyama hata mmoja. Kisha funua kope ya chini. Nyekundu au waridi ni salama, nyeupe ni upungufu wa damu, na mara nyingi chanzo ni mnyoo mnyonya damu. Na huyo mnyoo mara nyingi haleti kuharisha kabisa, analeta upungufu wa damu na uvimbe chini ya taya. Ndiyo maana kukimbilia dawa ya minyoo kwa sababu ya mavi laini ni kubahatisha.

Mama Beberu: Makopo mawili ya pumba kwa mbuzi aliyezoea majani! Hapo ndipo penye tatizo la jike. Vijidudu vya tumbo kubwa vilizoea nyasi. Wanga ukiingia ghafla unachacha haraka, tumbo linajaa asidi, mavi yanalegea. Simamisha pumba kabisa, wape nyasi kavu na maji. Halafu bonyeza ngumi kwenye lile shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho, utulie dakika nzima. Tumbo lenye afya linasukuma mkono mara moja au mbili kwa dakika. Kimya kabisa, au linachezacheza kama mfuko wa maji, usingoje kesho.

Kijana wa Malisho: Mimi ningewapa unga wa tetrasaiklini mdomoni, kuharisha kunakata.

Jembe la Zizi: Hapana ndugu. Antibiotiki ya mdomoni inaua hao hao vijidudu tunaotaka warudi kazini.

Mleta uzi: Jike 39.2, tumbo linasukuma mara moja kwa dakika, kope nyekundu. Mtoto 39.6, kope zimefifia kidogo, na ngozi ya shingo nikiifinya inachelewa kurudi.

Mama Beberu: Jike mpe bikaboneti ya soda ya kupikia, gramu 20 kwenye nusu lita ya maji, mara moja. Usichanganye na magadi ya moto yale ya kutengenezea sabuni, yanaunguza koo. Akianza kucheua, umeshavuka.

Mtoto ana upungufu wa maji, anza naye sasa hivi. Lita moja ya maji safi ya vuguvugu, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mililita 100 kila baada ya saa mbili. Sirinji iingie pembeni mwa mdomo, kichwa kiwe sawa na mgongo, sukuma kidogo kidogo ukingoja ameze. Ukimwinulia kichwa juu maji yanaingia mapafuni, na hilo linaua haraka kuliko kuharisha. Akiwa amelala na hawezi kumeza, usimnyweshe. Huyo anahitaji dripu.

Jembe la Zizi: Umri huo, kaachishwa, kasafirishwa: koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, ndiyo ya kwanza kushukiwa, hata kama damu haionekani. Dawa za minyoo kama ivermectin na albendazole hazigusi koksidia. Chukua kinyesi kibichi kabla hakijagusa ardhi, weka kwenye chupa safi, pahali pa baridi ila kisigande, kifike maabara ndani ya saa 24. Wakithibitisha, daktari atakupa amprolium au dawa ya salfa kwa uzito wake, na umalize siku zote hata mavi yakikaza siku ya pili.

Mleta uzi: Nimeelewa. Pumba narudisha lini?

Mama Beberu: Mavi yakisharudi kuwa punje, subiri siku tatu, anza na konzi moja kwa siku, uongeze taratibu kwa wiki mbili. Nyasi zitangulie, pumba ifuate. Na hao wanne wakae mbali na mbuzi wako wa zamani siku 30, vyombo vyao vya maji visichangiwe.