Ushauri: nyumba ya likizo kwenye shamba la mizabibu Chianti, Julai

Bint Pangani: Wakuu, habari zenu. Tumepata nyumba ya mawe ndani ya shamba la mizabibu karibu na Radda in Chianti, Italia, wiki 2 za Julai. Tuko mimi, mume wangu na watoto 2. Bei ni nzuri mno. Je, bila gari tutaweza? Na tubebe nini? Silali, nauli ya ndege inapanda kila nikichungulia.

Mzee Kisiki: Bila gari mtakwama. Mabasi ya vijijini ni machache, na mashamba mengi yako mbali na kituo, njia ya changarawe. Dereva awe na leseni pamoja na kibali cha kimataifa, akichukue kabla ya kuondoka. Firenze msiingie na gari katikati ya mji: eneo la ZTL, yaani la magari yenye kibali tu, lina kamera zinazosoma namba, na kampuni ya kukodisha gari huongeza gharama yake juu ya faini.

Fundi wa Prato: Mimi niseme la umeme. Nyumba nyingi kule zina mkataba wa kilowati 3. Ukiwasha oveni, mashine ya kufua na birika kwa pamoja, mita inakata. Mita yenyewe huenda iko getini, si ndani. Muulizeni mwenyeji mahali ilipo siku ya kwanza, mchana, na mbebe tochi.

Mama Zuhura: Watoto na bwawa la kuogelea, mdogo wangu! Uliza kama lina uzio.

Mzee Kisiki: Julai ni msimu wa bei za juu. Hiyo bei nzuri inatoka wapi?

Bint Pangani: Haya, niseme. Tunalipa nusu. Nusu nyingine, mimi na mume wangu tutasaidia kuvuna zabibu saa 12 hadi saa 5 asubuhi. Si ajira, ni kujifunza. Viza tutaomba ya utalii, na euro 300 tumeshatuma. Watu wengi wanafanya hivi.

Mama Zuhura: Ubalozini usiende na maneno nusu nusu, mwanangu. Watoto wako wanakutazama.

Kibarazani: Hii chai. Julai Sangiovese, zabibu kuu za Chianti, bado ni kijani, ngumu kama kokoto. Hubadili rangi kuanzia mwishoni mwa Julai na Agosti, na Radda iko juu, yapata mita 500, kwa hiyo mavuno ni Septemba kwenda Oktoba. Ama mtoa mada anatunga, ama anayempangisha hana hata mzabibu mmoja.

Fundi wa Prato: Kweli kabisa. Mtoa mada, njoo ujibu.

Bint Pangani: Situngi jamani! Nimeandika kuvuna kwa kufupisha. Alichosema ni kukata vichala vilivyozidi na kuondoa majani upande wa jua la asubuhi.

Kibarazani: Basi naamini, maana hilo halitungwi na asiyejua. Majani ya upande wa mchana huachwa ili zabibu zisiungue, na kichala kinachokatwa hudondoshwa chini ili vilivyobaki viive vizuri. Lakini hiyo ni kazi ya kibarua, dada. Malazi yakiwa malipo, ni ujira, na viza ya utalii hairuhusu. Kwa kazi ya msimu, mwajiri ndiye anayeanza kuomba kibali, nulla osta, huko huko Italia. Viza inadai bima ya euro 30,000, ila bima nyingi za safari hazilipi ajali ya kazi za mikono. Mkasi ule unakata kidole.

Bint Pangani: Nimemwandikia kwamba tutalipa bei kamili kwa wiki 1, shambani hatuingii. Akikataa, zile 300?

Mzee Kisiki: Soma risiti. Ikiandikwa *caparra confirmatoria*, mkivunja nyinyi inapotea. Akivunja yeye anarudisha mara mbili, kifungu 1385 cha sheria yao ya madai. Ikiandikwa *acconto*, ni sehemu ya malipo tu, na safari isipokuwepo mnadai irudishwe. Kabla ya kutuma senti nyingine, dai namba ya CIN, yaani namba ya kitaifa ya usajili wa nyumba za wageni. Tangu 2025 lazima iwe kwenye kila tangazo la nyumba ya wageni.

Bint Pangani: Risiti sina, nina picha ya muamala tu.

Mzee Kisiki: Mwombe leo, kwa maandishi.