Tupeane uzoefu: kazi umeifanya wewe, haki zimeishia kwa nani?

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu. Jambo hili nimelibeba miaka sita, leo naliweka hapa ili na wengine mseme yaliyowakuta.

Nilitunga wimbo, mashairi yangu na melodi yangu. Kurekodi sikulipa kitu. Mwenye studio alikuwa akitubeba vijana wengi tusio na uwezo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Siku ya kuchukua wimbo alinipa kurasa mbili nisaini, akasema ni utaratibu tu. Nilisaini nimesimama mlangoni, begi begani. Miaka miwili baadaye wimbo ukashika, ukaingia hadi kwenye tangazo la biashara. Nikamwendea kuuliza fungu langu. Akanifungulia kifungu cha nne: mtunzi anahamisha haki zote za utunzi na za rekodi, kila mahali, kwa muda wote ambao sheria inazilinda.

Neno lililonimaliza ni hilo "anahamisha". Nilidhani nampa ruhusa ya kuusambaza. Leseni ni kama kumpangisha mtu nyumba: muda ukiisha, nyumba inarudi kwako. Kuhamisha ni kuuza na hati ukaikabidhi. Na "muda wote" ni mrefu kweli. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliosainiwa 1886, unataka kazi ilindwe uhai wote wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Wajukuu zangu watazeeka, wimbo bado uko kwa mwingine.

Wakili niliyemwona nikiwa nimeshachelewa ndiye aliyenifundisha kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi yenyewe, ile tunayoiita masta. Taylor Swift, mwimbaji wa Marekani, alijiokoa kwa tofauti hiyo. Mwaka 2019 masta za albamu zake 6 za mwanzo ziliuzwa pamoja na lebo, yaani kampuni ya muziki, iliyokuwa ikizimiliki. Utunzi alikuwa bado ana haki nao, kwa hiyo akaingia studio na kuanzia 2021 akawa anatoa rekodi mpya za albamu zilezile. Masta za zamani alizinunua 2025. Mimi njia hiyo sina, maana karatasi yangu ilichukua vyote viwili. Hata kuuimba jukwaani naomba ruhusa.

Karibuni. Semeni yaliyowapata, na kama mlitoka, mlitokaje.

Mpiga gitaa

Pole sana mkuu. Yangu haina hata karatasi, na ndiyo shida yenyewe.

Tulikuwa wanne. Mwimbaji alikuja na maneno, mimi nikaja na ule mstari wa gitaa ambao watu wakiusikia tu wanajua wimbo gani unaanza. Usiku ule hakuna aliyeuliza nani kafanya nini, tulikuwa ndugu. Mwimbaji akaenda kuusajili kwenye chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumiwa, akajiandika peke yake asilimia 100. Nilijua baada ya miaka minne. Nikanyamaza mingine mitatu kwa aibu ya kuonekana nafuata pesa.

Kilichonitoa kwenye ukimya ni kesi ya Matthew Fisher, mpiga kinanda wa bendi ya Procol Harum ya Uingereza. Wimbo wao ulitoka 1967, sehemu ya kinanda ilikuwa yake, jina lake halikuwekwa kwa watunzi. Alidai 2005, baada ya miaka 38. Mahakama ikampa asilimia 40, rufaa ikamnyang'anya, na mwaka 2009 Mabwana wa Sheria wa Bunge la Uingereza, waliokuwa ndio mahakama ya juu kabisa wakati ule, wakamrudishia. Lakini sikilizeni hili: fungu lake lilihesabiwa kuanzia alipodai. Ya miaka yote ya nyuma hakupata.

Nilimwita mwenzangu tukakaa na mtu mzima anayetufahamu sote wawili. Hakukataa, alisema hakujua kama gitaa linahesabika. Tuliandika mgawanyo upya, nikapata asilimia 20 kuanzia siku ile. Miaka saba ya nyuma imekwenda. Siku hizi hatuzimi mashine studio kabla karatasi ya mgawanyo haijajazwa: jina, alichofanya, asilimia, sahihi. Ni ukurasa mmoja, dakika tano.

Prodyuza

Mpiga gitaa, nikuongezee upande wetu. Anayetengeneza biti, yaani muziki ule unaoimbiwa juu yake, mara nyingi ana hoja kwenye utunzi na wakati mwingine kwenye rekodi pia, ila sheria haimpi moja kwa moja kwa sababu tu mashine ni zake. Inategemea alichobuni na alichokubali.

Kosa langu lilikuwa kuuza biti moja kwa watu wawili. Wa kwanza nilimpa leseni ya kawaida, ile ambayo wengine nao wanaweza kuinunua. Wa pili alitaka iwe yake pekee, nami nikakubali bila kumwambia kuna mwenzake anayo. Wote wakatoa nyimbo, wa pili akataka kunishitaki, na alikuwa na haki. Nilimrudishia pesa yote. Sasa kwenye kila leseni ya pekee naandika orodha ya waliotangulia, na mteja anasaini kwamba ameiona.

Mwenye chaneli

Yanayonikera yanahusu biti hizohizo. Nilinunua leseni ya kawaida, nikatoa wimbo, nikaupandisha YouTube. Wiki ya tatu pesa zote za matangazo zinakwenda kwa mtu nisiyemjua. Alinunua leseni kama yangu, akasajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe kazi zilizosajiliwa, na mfumo ukisikia biti ileile kwenye wimbo wangu unasema mimi ndiye mwizi. Mashine haijui nani alinunua nini.

Ambacho watu hawatofautishi: dai la Content ID na ombi la kuondoa kazi ni vitu viwili. Dai la Content ID ukilipinga, mdai anapewa siku 30 kujibu. Nilipinga, nikaambatisha leseni yenye tarehe, siku ya kumi na mbili akaachia. Kazi ikiondolewa kabisa, hapo ndipo inaingia sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni, DMCA. Unapeleka taarifa ya kupinga, na mdai asipofungua kesi mahakamani, video inarudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Taarifa ile ni kauli ya kisheria, unaweka jina lako halisi na unakubali kushitakiwa. Usiijaze kwa hasira kama huna karatasi mkononi.

Mwandishi wa miswada

Mimi nilipeleka wazo la filamu kwenye kampuni moja. Kurasa tatu, na nililisimulia kwa mdomo karibu saa nzima, wakacheka, wakaniuliza maswali mazuri. Mwaka uliofuata filamu ikatoka. Mama anayejifanya amekufa ili asikie watoto wake wanamsema vipi, kama nilivyosimulia.

Wakili alinikata maini. Alisema wazo halina mwenyewe. Sheria inalinda namna lilivyoelezwa: mazungumzo, mpangilio wa matukio, wahusika waliochorwa kwa undani. Akaniuliza ulichoandika ni kipi na ulichosimulia ni kipi. Kilichofanana kilikuwa kile nilichosimulia. Kurasa zangu tatu zilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu yule mama. Sikufungua kesi.

Leo sisimulii kitu ambacho sijakiandika, na kabla ya kikao naomba wasaini makubaliano ya kutunza siri. Wengine wanakataa. Wakikataa, najua kiasi gani cha kusema.

Mchangiaji

Mwandishi, ungejitumia mswada kwa posta kwenye bahasha ukaiacha bila kufungua. Muhuri wa posta ni ushahidi.

Mwandishi wa miswada

Ndugu yangu, nilifanya hivyo miaka mingi. Bahasha inaweza kutumwa wazi ikafungwa baadaye, na ofisi ya hakimiliki ya Marekani inasema wazi kwamba haichukui nafasi ya usajili. Haki yenyewe inazaliwa unapoandika, Berne haitaki usajili. Usajili unahitajika siku ya ugomvi: kwa kazi ya Marekani, kwa mfano, huwezi kufungua kesi kule kabla ya kusajili. Ninachotunza sasa ni rasimu zote, hata mbovu, na barua pepe za kutuma na kupokea. Mwizi huwa na nakala ya mwisho. Rasimu ya kwanza yenye makosa yake hana.

Niliyeshitakiwa

Nimefikiria sana kama niandike hapa. Mimi ndiye niliyechukua.

Nilikata sekunde saba za wimbo wa zamani, nikazizungusha chini ya sauti yangu. Niliamini lile linalosemwa kila studio, kwamba chini ya sekunde kumi ni ruksa. Hakuna sheria ya namna hiyo. Barua ilikuja kutoka kwa familia ya marehemu, na barua ya pili kutoka kwa kampuni yenye masta, kwa sababu ile ya mali mbili aliyoieleza mwanzisha mada. Nilitakiwa kuomba pande mbili, nikawa sijaomba hata mmoja.

Kilichonisumbua ni melodi ya kiitikio, si zile sekunde. Sikuichukua kwa makusudi, lakini tulipoziweka pamoja zilifanana mno. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule utotoni. Mwaka 1976 jaji wa New York alimkuta George Harrison, aliyekuwa wa bendi ya Beatles, na hatia kwa jambo la namna hii, akasema aliiga bila kujua, na kutojua hakukumsaidia. Tuliandikiana na familia, nikawapa nusu ya utunzi na majina yao yakawekwa. Mzee wa familia ile aliniambia hakutaka pesa kwanza, alitaka mtu apige simu. Sentensi hiyo sijaisahau.

Mwenye sauti

Ninafanya sauti za matangazo na katuni. Mkataba wangu wa zamani ulisema kampuni itatumia sauti yangu "kwa teknolojia iliyopo na itakayovumbuliwa". Nilipita juu yake kama maneno ya mapambo. Mwaka jana nikasikia tangazo, sauti ni yangu, maneno sijawahi kuyasema maishani. Niliganda. Ukisikia mdomo wako unaahidi watu kitu ambacho hukukiahidi, hiyo ni zaidi ya pesa.

Waigizaji wa Marekani waligoma siku 118 mwaka 2023, na moja ya mambo waliyopigania ni hilo: nakala ya kidijiti ya mwigizaji isitengenezwe bila ridhaa yake na malipo. Sisi tusio na chama chenye nguvu tunabaki na kalamu. Sasa nakata sentensi ile kwa mkono, naandika pembeni: matumizi ya akili bandia yanahitaji mkataba wa peke yake. Wateja wawili wameniacha. Waliobaki wamesaini.

Binti wa mtunzi

Shikamooni wote. Baba yangu alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya. Alipofariki tuligawana vitabu na nguo zake. Nyimbo hakuna aliyezitaja, hatukujua kama zinarithiwa. Miaka tisa baadaye, kwenye kabati, nilikuta kadi yake ya uanachama wa chama cha mirabaha. Nilienda na cheti cha kifo na hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Fungu lake lilikuwapo, halina wa kulipwa. Si utajiri, lakini niliishika ile risiti yenye jina la baba nikalia pale pale dirishani.

Nikaanza kusoma, nikafika kwa Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi "Mbube" mwaka 1939, haki akaziuza kwa shilingi 10, akafa 1962 akiwa hana kitu huku melodi yake ikizunguka dunia. Mabinti zake waliokolewa na kifungu cha zamani katika sheria ya Uingereza ya 1911, iliyotumika pia katika makoloni: miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizouza zinarudi kwa warithi wake. Kesi dhidi ya Disney, waliotumia melodi hiyo kwenye filamu ya The Lion King, ilifunguliwa 2004 na mwaka 2006 yakapatikana makubaliano. Marekani nao wana yao: haki zilizohamishwa kuanzia 1978, mtunzi anaweza kuzidai tena baada ya miaka 35, akitoa taarifa ndani ya muda uliowekwa.

Kaka mwanzisha mada, usisome kifungu cha nne tu. Tafuta sheria iliyotawala mkataba ule inasema nini juu ya haki kurudi.

Mwanzisha mada

Dada, ahsante. Nimeusoma mkataba upya usiku wote. Haki kurudi sijapata, ila kuna kitu sikuwahi kukiona: hausemi lolote kuhusu jina. Tangu 1928 Mkataba wa Berne una haki ya mtunzi kutambuliwa kwa kazi yake hata akishauza haki za kipato. Nchi nyingine zinaruhusu uikane kwa maandishi, lakini mimi sikuikana popote. Nimemwandikia mwenye studio barua ya heshima, nikaomba kwenye kila jukwaa la muziki, mahali pa mtunzi, paandikwe jina langu badala ya la kampuni.

Amejibu leo mchana. Amekubali. Nimefungua wimbo sasa hivi, bado liko la kampuni, anasema mabadiliko yatachukua wiki chache. Nitarudi kuwaambia. Mwenye uzoefu wa kuomba mkataba wa zamani ufunguliwe upya, hata kama alikataliwa, tafadhali andika, nasoma zote.