Kaboni moja inanipa sumaku, kaboni mbili zinanipa sifuri: nimekosea wapi?

MwanaSpini
Wakuu, habari za usiku. Nasoma uzamili wa fizikia, nakokotoa usumaku wa nanotyubu (mirija midogo mno) za boroni nitraidi, yaani boroni na nitrojeni, kwa programu ya Quantum ESPRESSO. Tyubu yangu ni ya aina (8,0), namba zinazoonyesha ilivyokunjwa, atomi 64, haina hata chembe ya chuma au nikeli. Ikiwa safi usumaku wake ni sifuri, hilo nililitegemea. Nikang'oa boroni moja, nikachomeka kaboni: magnetoni ya Bohr (kipimo cha usumaku wa atomi) 1.00! Saa nane usiku, nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Tamaa ikanishika. Nikang'oa na nitrojeni iliyo jirani, nikaweka kaboni ya pili, nikingoja 2.00. Kompyuta imehangaika siku mbili, jibu 0.00. Nimerudia, vilevile. Faili langu lina kosa?

Bibi Elektroni
Mwanangu, faili lako ni zima. Hesabu elektroni za nje kwa vidole: boroni 3, kaboni 4, nitrojeni 5. Kaboni ikikaa mahali pa boroni, inabakiwa na elektroni moja isiyo na mwenzake. Spini yake, yaani kijisumaku cha elektroni, ndiyo hiyo 1.00. Ikikaa mahali pa nitrojeni inapungukiwa moja, na hapo pia spini moja inabaki pweke. Ukiziweka jirani, yenye ziada inaijazia iliyopungukiwa, spini zinafutana. Weka zote mbili kwenye nafasi za boroni, na uziachanishe.

Sampuli
Bibi kamaliza. Ila siku utakayoingia maabara, ogopa chuma. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha makala ya fulareni za C60 (molekuli za duara zenye kaboni 60) zilizounganishwa, zenye usumaku uliodumu hadi karibu kelvini 500. Mwaka 2006 ikaondolewa, maana sampuli zilikutwa na chuma. Nanotyubu nyingi za kaboni huoteshwa kwa vichocheo vya chuma, kobalti au nikeli, na kuziosha kwa asidi hakumalizi yote. Mimi muhula mzima ulinipotea kwa ajili ya kibano cha chuma. Siku niliposhika sampuli mpya kwa kibano cha plastiki, usumaku wote ukatoweka. Niliumia sana.

MwanaSpini
Shikamoo Bibi, na asante. Nimerefusha tyubu hadi atomi 96, kaboni mbili kwenye nafasi za boroni, kila moja upande wake: 2.00! Kisha nikaigeuza spini moja ielekee chini. Tofauti ya nishati haifiki hata milielektrovolti moja, wakati nishati ya joto la chumbani peke yake ni kama milielektrovolti 25. Kwa hiyo kila kaboni iko kivyake, haina habari na mwenzake, na kwa joto letu hizi spini zitayumba ovyo. Usiku huu nazisogeza karibu, nafasi moja ya boroni baada ya nyingine. Sampuli, pole kwa muhula ule. Kibano cha plastiki nimeshakiandika kwenye orodha.